Nimeitwa kampuni kubwa ya mawakili Nairobi, na moyo wangu uko Amu. Niende?

BintiLangoni:

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote wa Amu (Lamu), Malindi na kwingineko. Nina jambo linanikosesha usingizi na nataka ushauri wa wanaolijua, kwa hiyo mnivumilie kwa urefu.

Nimemaliza shahada ya sheria, nikapita Kenya School of Law pale Karen, uanagenzi wa miezi sita nikaufanyia kwa wakili mmoja mwenye ofisi ndogo hapa Malindi, na mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria nimeifaulu. Kilichobaki ni kiapo mbele ya Jaji Mkuu. Sasa nafasi mbili zimenijia kwa wakati mmoja. Kampuni kubwa ya mawakili Nairobi, yenye wabia wengi (mawakili wanaoimiliki kwa pamoja) na idara chungu nzima, imeniita kazini. Na yule wakili wangu wa Malindi amesema meza yangu ipo, hataki niondoke.

Mshahara wa Nairobi ni zaidi ya mara mbili ya huu wa hapa. Nalitaja mapema kwa sababu nyumbani kuna wadogo zangu wanaosoma na mama hana nguvu tena za biashara. Pesa si jambo dogo kwetu.

Lakini hata pesa zingekuwa sawa ningebaki na swali. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Mawakili kinamzuia wakili mpya kufungua ofisi yake mpaka awe ameajiriwa miaka miwili mfululizo, ama kwa wakili mwenye ofisi yake aliyefanya kazi hiyo miaka isiyopungua mitano, ama serikalini, ama mahali palipoidhinishwa. Kuajiriwa basi ni lazima. Ninachochagua ni nani atakayenilea katika miaka hiyo, na nionavyo mimi hiyo ndiyo inayomfanya wakili awe alivyo.

Ninachotaka kufanya maishani nakijua. Nataka kazi ya ardhi na mazingira ya Lamu. Nilikuwa bado mwanafunzi Mahakama Kuu ilipotoa hukumu ya wavuvi wetu kuhusu bandari mwezi Aprili 2018, ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.76, wavuvi wapatao 4,600. Mwaka uliofuata, Juni 2019, Baraza la Kitaifa la Rufani za Mazingira likafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nimezisoma hukumu zote mbili mwanzo hadi mwisho, zaidi ya mara moja. Na kila nikisoma najiuliza ni nani anayeiandika ile mikataba inayotufikia ikiwa imekwisha kutiwa saini.

Swali langu ni hili. Nikienda kampuni kubwa nitajifunza kitu cha kunifaa Lamu, ama nitarudi nikiwa mgeni wa mambo ya kwetu? Nawaomba hasa waliopita pande zote mbili waseme.

KijanaWaNgomeni:

Dada, nenda bila kugeuka nyuma. Marekani wakili mpya kabisa kwenye zile kampuni kubwa za New York anaanza na dola 225,000 kwa mwaka. Hapa Malindi unalipwa baada ya mteja kuuza mbuzi. Nenda, tengeneza jina, mengine baadaye.

Ummi_Shela:

Mwanangu, hongera kwanza. Tumesomesha watoto wengi wa Amu na wachache sana wamefika hapo ulipofika, wa kike ndio kabisa.

Mimi sijui sheria lakini najua kazi za Nairobi, wanangu wawili wako huko. Uliza saa. Uliza wanatoka saa ngapi kweli, si saa ngapi imeandikwa kwenye barua. Uliza mwezi wa Ramadhani inakuwaje, maana kijana wangu alikuwa akifuturu tende mbili ndani ya lifti. Na mamako asikufiche hali yake eti usome, umwambie akwambie kweli kinachohitajika kwa mwezi, ndipo ujue mshahara upi unatosha. Kuna watu hukimbilia mkubwa kumbe wa kati ungetosha.

WakiliMwambao:

Waaleikum salaam, BintiLangoni. Mimi nilianzia kampuni kubwa Nairobi, nikakaa huko miaka kadhaa, kisha nikashuka Malindi, na ndiko nifanyako kazi hadi leo. Nitakueleza kama ningemweleza mdogo wangu.

Kwanza hizo dola za New York tuziweke kando. Kule kampuni nyingi kubwa humtaka wakili afikishe saa 1,900 au 2,000 kwa mwaka za kazi inayolipwa na wateja. Piga hesabu: saa 2,000 kwa majuma 50 ni saa 40 kila juma za kazi inayoandikwa tu, bila chakula, bila mikutano ya ndani, bila kusoma. Ili upate saa nane za kuandikwa kwa siku unakaa ofisini saa kumi au zaidi. Kenya ada nyingi zinafuata viwango vya Agizo la Malipo ya Mawakili, kwa mfano thamani ya ardhi inayouzwa, kwa hiyo saa hazitawali kila kitu. Lakini kampuni kubwa nyingi hata hapa watakupa daftari la muda, ambalo kwa kawaida siku hukatwa vipande vya dakika sita sita, na jioni utaeleza kila kipande kilikwenda kwa mteja gani. Ummi amesema kweli, uliza saa.

Sasa swali lako. Nitakwambia nilichopata kule na nisichokipata, na usikubali mtu akupe upande mmoja tu.

Nilichopata kikubwa ni kusomwa. Kila nilichoandika kilisomwa na mtu aliyenizidi, kikarudi kimejaa wino mwekundu. Barua ya kurasa mbili ilirudi hata mara nne. Mwanzo nilikereka. Baadaye nikaona kwamba hakuna mahali pengine katika kazi hii ambapo mtu mwenye ujuzi wa miaka 20 atakaa kuusoma mkataba wako neno kwa neno na kukuuliza, "Hapa 'atafanya' na 'anaweza kufanya' umekusudia ipi?" Katika ofisi ndogo wakili mkuu yuko mahakamani asubuhi, mchana anaonana na wateja, jioni anatafuta kodi ya ofisi. Atakupa mkataba wa zamani, ubadilishe majina. Kama ule wa zamani una kasoro, utainakili kasoro hiyo miaka kumi bila mtu kukwambia. Nimewaona mawakili hodari sana wa kusimama mahakamani ambao mikataba yao ina vifungu vya sheria zilizokwisha kufutwa tangu 2012, tulipopata Sheria ya Ardhi na Sheria ya Usajili wa Ardhi.

Cha pili ni kuona biashara kubwa inavyofungwa. Utapewa kazi ambayo wengi wanaidharau, kukaa na marundo ya nyaraka za kampuni inayotaka kununuliwa au kukopa, usome moja moja, uandike kila deni, kila kesi, kila hati yenye shaka. Inachosha. Lakini ukimaliza unajua kitu kimoja ambacho mvuvi wa Amu na wakili wake wanakihitaji mno: mwenye benki anaogopa nini. Mkopo wa mradi una orodha ndefu ya masharti ya kutimizwa kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, na katika orodha hiyo mna leseni za mazingira, haki ya ardhi, ridhaa za serikali. Ukiijua orodha hiyo unajua pa kugonga mradi ungali mchanga. Usipoijua unakwenda mahakamani baada ya mchanga wa bahari kuchimbwa na samaki kukimbia.

Sasa nisichokipata. Muda mrefu sikusimama mbele ya hakimu. Sikuonana na mteja peke yangu. Sikuwahi kuona faili moja kuanzia mtu anaingia mlangoni mpaka kesi inakwisha. Niliona kipande cha katikati tu. Hapa Malindi, juma la kwanza uko mahakamani unaomba kesi iahirishwe na hakimu anakuuliza sababu, na mteja yuko nyuma yako anakuangalia. Hilo nalo halifundishwi kwa wino mwekundu.

Na ardhi ya mwambao Nairobi hawakufundishi. Wewe unaijua lakini nawaandikia na wengine wanaosoma. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi iliyomtaka kila anayedai ardhi katika ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar apeleke dai lake. Isiyodaiwa ikahesabiwa ya Taji. Waliopata habari na waliokuwa na makaratasi wakapata hati, na Wamijikenda wengi pamoja na Waswahili wengi wakabaki bila. Ndiyo maana mpaka leo utakuta familia imepanda minazi na mikorosho vizazi vitatu, na mwenye hati hawajawahi kumwona. Utakutana na madai ya kumiliki kwa kukaa miaka 12. Utakutana na nyumba bila ardhi, mtu ana nyumba yake halali na kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi ya kiwanja. Utakutana na wakfu, na mirathi ya Waislamu kwa Kadhi ambayo haijagawanywa tangu babu alipofariki, na sasa mrithi mmoja ameuza. Na hapa kwetu kuna majumba ya Wataliano, Malindi hadi Watamu. Kifungu cha 65 cha Katiba hakimruhusu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa kukodi, isiyozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Kwa hiyo nyumba ikiuzwa wakili mzuri anauliza ni nini hasa kinauzwa, hisa za kampuni yenye nyumba au miaka iliyobaki ya kukodi.

Angalia huo mfano wa mwisho. Upande wa shamba utaujulia hapa. Upande wa hisa utaujulia kule. Mawakili wanaojua pande zote mbili ni wachache sana mwambao huu, na ndiyo sababu nakwambia nenda, ila nenda kwa kusudi.

Kusudi maana yake usikubali idara yoyote tu. Kampuni kubwa si mahali pamoja. Ukiwekwa kwenye kodi au alama za biashara, utakuwa hodari wa kodi na alama za biashara, na Lamu haitakuhitaji kwa hilo. Omba ardhi, au miradi na mikopo, au mazingira kama wanayo. Kisha ujue kwamba hufanyi kazi na kampuni, unafanya kazi na wabia wawili watatu. Omba kuongea na mwajiriwa aliye mwaka wa pili au wa tatu chini ya mbia huyohuyo, bila mbia kuwepo. Muulize walioondoka karibuni wamekwenda wapi. Kama wamekwenda kufungua ofisi zao, au mashirika, au benki, hapo ni mahali panapolea. Kama hakuna anayetaka kusema wamekwenda wapi, umeshajibiwa.

KaraniMstaafu:

Nimesoma yote. Mimi nilikuwa masijala ya mahakama hapa Malindi miaka mingi kabla ya kustaafu, nimewaona mawakili wakija vijana na kuondoka wazee.

Naafikiana na WakiliMwambao kwa sehemu kubwa lakini kuna kitu hakukisema. Wakili wa kampuni kubwa alikuwa akija kutoka Nairobi na faili limefungwa vizuri, kurasa zimepigwa namba, orodha ya nyaraka iko mbele, nakala za jaji ziko tayari. Wa hapa kwetu wengine walikuwa wakija na karatasi mkononi. Jaji ni mtu. Anapofungua faili ambalo kila kitu kiko mahali pake, anasikiliza tofauti. Nimeona haki ya mtu masikini ikichelewa mwaka mzima kwa sababu hati ya kiapo haikutiwa vielelezo vyake sawasawa. Kama kule kampuni kubwa wanafundisha hilo, binti, kalichukue ulilete.

Lakini pia nimemwona wakili kutoka Nairobi akihoji mzee wa Kigiriama kwa Kiingereza kupitia mkalimani, akidhani amemshika uongo kuhusu mipaka, kumbe mzee alikuwa anaitaja mipaka kwa mikwaju na visima, na kila mtu mahakamani alimwelewa isipokuwa wakili. Hilo lugha yako na malezi yako yatakulinda nalo. Usiyaache huko.

Na siku hizi mambo yamebadilika. Mahakama ilianza kupokea kesi kwa mtandao Nairobi mwaka 2020, na tangu Machi 2024 ni nchi nzima. Kesi kutajwa tu, mtu anaingia kwa simu. Kwa hiyo hata ile hoja ya kwamba kazi zote ziko Nairobi haina nguvu kama zamani. Wakili anaweza kukaa Amu na faili lake liko mahakama ya Milimani, Nairobi.

KijanaWaNgomeni:

Karani nakuheshimu, lakini intaneti ya Amu na yenyewe tunaijua.

MkulimaMagarini:

Mimi si wakili. Mimi ni hao mnaowasema, wa vizazi vitatu na mikorosho.

Kesi yetu iko mahakamani na mwenye hati ni kampuni. Tumebadilisha mawakili. Wote wanatupenda, wote wanatoka hapa, wanazungumza Kigiriama na sisi. Lakini tulipoletewa makaratasi ya ile kampuni, ya kwamba ardhi imewekwa dhamana benki, kisha kampuni imeuzwa kwa kampuni nyingine, kisha hii nyingine ina wenye hisa ambao nao ni kampuni, hakuna hata mmoja aliyeweza kutueleza maana yake. Siku hiyo mahakamani upande wa pili walisimama vijana wawili wadogo kama huyu binti. Wakaeleza kila kitu kwa dakika chache. Sisi tukabaki kuangaliana.

Kwa hiyo msituambie mtoto wetu abaki hapa kwa sababu anatupenda. Mapenzi tunayo tayari. Aende akajifunze kusoma yale makaratasi, halafu arudi. Ila arudi. Hilo la kurudi ndilo linalotutia hofu, maana wengi tumewachangia na hatujawaona tena.

Ummi_Shela:

Baba wa Magarini umesema maneno mazito. Wazee wetu walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Huyu atarudi inshallah, kwao ni Langoni.

BintiLangoni:

Nawashukuru wote. MkulimaMagarini, nimesoma ulichoandika nikakaa kimya kwa muda, kisha nikaenda kumsomea mama.

Kuna jambo sikuliandika mwanzo kwa sababu sikujua niliweke vipi. Nimeangalia kazi za ile kampuni iliyoniita. Wanahudumia wawekezaji wa nishati, barabara, bandari. Kuna uwezekano mkubwa kwamba siku moja mteja wao atakuwa na mradi Lamu, au tayari anao. Nikiwa pale, nitawekwa kwenye faili hilo na nitalazimika kumtetea mteja kwa uaminifu wote. Na baada ya hapo nikirudi Amu, watu wangu wakinijia kuhusu mradi uleule, nitawajibu nini? Hofu yangu kubwa iko hapo, kuliko saa za kazi na kuliko Nairobi yenyewe.

Nilimuuliza mwenzangu mmoja akasema nisijitie wasiwasi, kila mtu ana haki ya wakili. Nakubali kila mtu ana haki ya wakili. Sikubali kwamba lazima awe mimi.

WakiliMwambao:

Umegusa pale ambapo vijana wengi hawafikiri mpaka wameshachelewa. Nitalijibu kwa makini kwa sababu hapa kuna sheria, si hisia tu.

Siri ya mteja haiishi. Ukimhudumia mtu, uliyoyajua kwa sababu ya kazi hiyo utayabeba mpaka kaburini, hata ukihama kampuni, hata mteja akiacha kukulipa. Mahakama ya Rufani yetu ililiweka wazi miaka ya mwanzo ya 1990 katika kesi ya King Woolen Mills: wakili aliyepata siri za mtu katika shughuli fulani anaweza kuzuiwa na mahakama asisimame dhidi yake katika shughuli hiyo. Kwa hiyo ukiingia faili la mwekezaji wa Lamu leo, kuna uwezekano mkubwa umejifungia mlango wa kuwatetea wavuvi wa Lamu dhidi ya mwekezaji huyo kesho. Utakuwa unajua kila kitu na huruhusiwi kukitumia. Hata kumnong'oneza wakili mwingine ni kosa la kukufanya upoteze leseni.

Lakini hiyo si sababu ya kutokwenda. Ni sababu ya kusema mapema. Kampuni yoyote kubwa inayoheshimika ina utaratibu wa kukagua mgongano wa maslahi kabla ya kupokea kazi, na ina namna ya kumweka mtu nje ya faili, asione nyaraka, asikae kwenye mikutano. Siku ya kwanza kabla ya kutia saini, waambie: mimi kwetu ni Lamu, familia yangu ina ardhi na vyombo vya uvuvi huko, naomba niwekwe nje ya shughuli yoyote inayohusu kaunti ya Lamu. Liandike katika barua, na jibu lao liwe kwa maandishi. Si ombi la ajabu. Mwenye ndugu benki fulani husema hivyohivyo.

Angalia wanavyopokea. Mbia mwenye busara atakuheshimu zaidi. Akikukunjia uso, au akikwambia "tutaona," basi umejua wabia wa namna gani utakaowafanyia kazi usiku, na utaamua.

Na utapata hasara kidogo, nikwambie kweli. Huenda kazi kubwa ya mwaka ikawa ya Lamu na wewe ukakaa nje wenzako wakijifunza. Ikubali. Mkataba wa bandari ya kwingine na mkataba wa bandari ya Amu, mifupa yake ni ileile. Utajifunza kwa ule wa kwingine.

Jambo la pili, la kurudi, ambalo mzee wa Magarini ametutupia sote. Kampuni hizi zimejengwa kwa namna ambayo wengi wanaoingia hawawi wabia. Mfumo huo ulisifika New York kwa Paul Cravath mwanzoni mwa karne iliyopita: chukua vijana bora moja kwa moja kutoka vyuoni, wafunze kwa bidii, wapandishe wachache, wengine waondoke. Kwetu haufuatwi kwa ukali uleule lakini sura unayo. Kwa hiyo kuondoka si aibu wala si kushindwa, ndivyo mashine inavyokwenda. Kinachowafunga watu kule ni mkopo wa gari na nyumba ya kupanga inayopanda kila mshahara unapopanda. Mshahara ukiongezeka, ongeza kinachokwenda kwa mamako na kwa wadogo zako, na weka akiba ya kufungulia ofisi. Usiongeze nyumba. Wanaorudi ni wale ambao wanaweza kuishi kwa mapato ya Malindi siku yoyote watakayoamua.

Na yule wakili wako wa Malindi, usimwache kwa ujumbe wa simu. Nenda ofisini kwake, umweleze uso kwa uso. Amekulea, naye ana kesi za ardhi za Lamu ambazo huenda siku moja mkazifanya pamoja.

KaraniMstaafu:

Naongeza moja tu. Kabla ya kuondoka, nenda masijala ya ardhi na masijala ya mahakama, uwaage makarani kwa majina yao. Utakaporudi watakuwa hapo, au watoto wao watakuwa hapo.

KijanaWaNgomeni:

Mimi nilisema nenda kwa sababu ya pesa. Baada ya kusoma, bado nasema nenda, lakini ile barua ya Lamu iandike. Mjomba wangu ni mvuvi wa Kizingitini na ninajua fidia ile walivyoingojea miaka na miaka baada ya hukumu.

BintiLangoni:

Wapendwa, naleta mrejesho.

Nimewaandikia Nairobi. Nimeomba idara ya ardhi na miradi, nimeomba niongee na mwajiriwa wa mwaka wa pili, na nimeandika kuhusu Lamu kama WakiliMwambao alivyonielekeza, bila kuzunguka. Jibu limekuja juzi. Mbia wa idara hiyo amenipigia mwenyewe. Amesema amewahi kuwa na kijana wa Turkana aliyeomba vivyo hivyo kuhusu mafuta, na hakukuwa na tatizo. Kuhusu Lamu watanipa barua. Kuhusu saa hakunidanganya, alisema kuna majuma yatakuwa mabaya, hasa mwisho wa mwaka wa fedha, na kwamba Ramadhani wanaoswali wanapangiana zamu. Dada wa mwaka wa pili niliyeongea naye alinieleza yaleyale, na alinitajia walioondoka wamekwenda wapi, mmoja mmoja, kwa moyo mweupe.

Nimekwenda kwa wakili wangu wa Malindi. Alinyamaza kidogo, kisha akafungua kabati akanitolea faili la kesi moja ya ardhi iliyokwisha, ya zamani, inayoanza na cheti cha enzi za ukoloni, akasema nikae pale ofisini nilisome mpaka mwisho kabla sijaondoka, kwa sababu kule sitaliona la namna hiyo. Bado nalisoma. Ramani yake imechorwa kwa mkono na mipaka inataja mibuyu.

Kwa mama tumepiga hesabu kama Ummi alivyosema. Mshahara wa Malindi usingetosha ada za mwaka huu, wa Nairobi unatosha na unabaki. Tumekubaliana kiasi cha kila mwezi na kiasi cha akiba, na mdogo wangu wa pili ndiye atakayeshika daftari.

Nakwenda. Nataka niwe nimeandika mkataba wa mkopo wa mradi kutoka ukurasa mtupu, na kuusoma wa mwenzangu nikauona ulipo udhaifu, kabla ya kurudi. MkulimaMagarini, sijui kama kesi yenu itakuwa imekwisha wakati huo, na natamani iwe imekwisha. Kama haijaisha nitaomba unioneshe yale makaratasi ya hisa.

Swali la mwisho kwa walioko Nairobi: naanza mwezi ujao na ofisi iko Westlands. Nahitaji chumba cha bei ya wastani, karibu na msikiti, kwenye njia ya matatu isiyoisha mapema usiku.

MkulimaMagarini:

Makaratasi yapo, binti. Nitayatolea nakala.

Ummi_Shela:

Mwanangu, South C kuna dada yangu mdogo, ana chumba cha nyuma kitupu tangu binti yake aolewe. Msikiti uko karibu. Kwenda Westlands itabidi upitie mjini ubadilishe gari, lakini kodi mtaelewana na hutokula peke yako. Niandikie faraghani nikupe namba yake leo, kabla hajampa mtu mwingine.